Nakala Nne za Ami Machano

Theluji ya Dundee haina adabu:
imetandaza weupe wake mtaa mzima wa Hilltown,
kisha ikaiambia kamera yangu
kwamba hapa hakuna kingine cha kuonekana.
Kamera ikasadiki. Ikapima weupe,
ikamsahau mtu.

Sasa ni saa sita na robo usiku.
Radieta imezimwa, naisikia ikipoa, tak, tak.
Kwenye skrini nimempanga ami yangu mara nne,
wawili juu, wawili chini,
kofia ileile ya sufu, kidevu kilekile,
kama ndugu waliozaliwa sekunde moja
wakalelewa na mama wanne.

Wa kwanza ni wa theluji.
Kila chembe inaonekana, hata nyayo za mbwa wa jirani,
ila ami ni shimo lililovaa koti.
Wa pili nimemfungulia vivuli mpaka mwisho wa kitelezi:
uso umerudi, mikunjo, lile kovu la kwenye nyusi,
lakini nyuma yake Uskoti yote imeungua,
hakuna ukuta, hakuna kengele ya mlango, hakuna mbingu.
Wa tatu ni mweusi na mweupe tu.
Nilidhani naukimbia ugomvi, kumbe nimeuvalisha suti:
anafanana na picha ya marehemu,
na ami yu hai, jana tu kanidai pauni kumi.

Wa nne nimemchorea barakoa,
uso nikaupa mwanga wake, theluji mwanga wake,
kama wake wenza, kila mmoja na nyumba yake.
Ni sahihi. Ndiyo kasoro yake.
Ukimtazama sana utadhani amekatwa kwa mkasi Chwaka
akabandikwa hapa kwa gundi.

Nakuza asilimia mia mbili. Jicho hili, jicho lile.
Nageuza joto la rangi: nikipeleka buluu, ami anatetemeka;
nikipeleka manjano, anapata homa ya jina hilohilo.
Katikati pana namba, elfu tano na mia nne,
ambapo ngozi yake inakuwa ngozi yake
kwa muda wa pumzi moja,
kisha macho yangu yanazoea
na siyaamini tena.

Napeleka zote nne kwa Mwanashaa, Leeds.
Anajibu kabla sijaweka kikombe chini:
"Ya pili. Lakini mng'arishe kidogo, mweusi mno."
Mno kuliko nani, dada?
Naandika, nafuta, naandika.
Mwisho namtumia kidole gumba.
Kitelezi sikigusi.

Asubuhi nabisha kwake, kompyuta kwapani.
Ndiyo kwanza amerudi kugawa mikate,
unga bado umo kwenye pindo la koti.
Anavaa miwani, anainama,
anamtazama wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne,
kwa utaratibu wa mtu anayehesabu chenji.
Nangoja aseme neno juu ya vivuli.

"Gari langu liko wapi?"

Gari gani, ami?

"Lile nililoliegemea. Hukuuona mkono wangu?"

Naangalia. Katika nakala zote nne
mkono wa kulia unaishia kwenye kiwiko,
umeegemea kitu kisichokuwapo.
Usiku kucha nilibishana na weupe na weusi;
mkato ulikuwa mmoja tu, wa mkono wangu mwenyewe,
nikauita mpangilio.

Faili ghafi halisahau. Unabonyeza mara moja
na kingo zinarudi nyuma kama pazia:
hili hapa, gari jeupe, limebonyea ubavu,
jina limeandikwa mlangoni
na fundi aliyelisikia kwa simu,
Machanno, n mbili,
miaka kumi na mmoja ya kulipa mkopo,
na juu ya paa theluji nene, ya kijivu, mbaya.

"Hilo," anasema. "Hilo ndilo lichapishe."

Na uso, ami? Uso niuweke vipi?

Tayari anatafuta funguo.
"Uso wangu mama anaujua, aliuzaa yeye.
Gari hajaliona."